Masizi ya chemni, mafuta ya mawese na leza: joto la mwanga linavyohamisha chembe zisizoonekana kwa macho

#1 Mwalimu wa Ujiji (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Wiki iliyopita kijana wangu mmoja wa kidato cha tatu aliniletea swali ambalo nimelibeba hadi leo. Umeme ulikatika kwao, wakawasha taa ya chemni, na asubuhi akapewa kazi ya kuisafisha. Akaniuliza: "Mwalimu, moshi unapanda juu. Mbona masizi yameganda ubavuni mwa kioo?"

Nilimjibu upesi kwamba moshi ukigusa kioo huacha weusi. Halikuwa jibu. Usiku nikakaa na vitabu vyangu vya chuo, kesho yake nikaanza kipindi kwa kulisahihisha mbele ya darasa zima. Masizi hayakufika kwenye kioo kwa bahati. Yamesukumwa kule.

Hewa iliyo jirani na mwali ina joto kali, molekuli zake zinakwenda mbio na kugonga kwa nguvu. Hewa iliyo jirani na kioo imepoa, molekuli zake zinagonga kwa upole. Sasa fikiria chembe ya sizi iliyokaa katikati: upande wa moto inapokea vipigo vikali, upande wa kioo vipigo dhaifu. Itaelekea wapi? Itaelekea kwenye baridi. Wanasayansi wanaita themoforesisi, yaani chembe kuhama kwa sababu upande mmoja una joto kuliko mwingine. Mwaka 1870 John Tyndall, mwanafizikia aliyefanya kazi London, aliona hewa yenye vumbi ikiwa nyeusi tupu karibu na kitu cha moto, kwa sababu vumbi lilikuwa limeondoka pale. Carl Ludwig mwaka 1856, na baada yake Charles Soret kule Geneva mwaka 1879, walikuta jambo la aina hiyo kwenye maji ya chumvi: ukipasha upande mmoja na kupoza mwingine, chumvi inajikusanya zaidi upande wa baridi.

Naandika haya kwa sababu jibu la chemni ndilo linalotumika leo maabara kukamata bakteria mmoja au kipande cha DNA na kukipeleka unakotaka bila kukigusa. Chombo chao ni mwanga, na kazi ya mwanga huo ni kupasha maji joto kidogo, mahali padogo. Vijana wetu wanakariri kwamba joto husafiri kwa njia tatu, wanatoka kwenye mtihani wanasahau. Hawajaambiwa kwamba joto linaweza kubeba kitu, na mimi linaniuma kwa sababu hata mimi nilikuwa sijawaambia.

Hadithi ya leza inaanza na Arthur Ashkin, mwanafizikia wa Bell Labs, Marekani. Mwaka 1970 alielekeza leza kwenye vitufe vidogo vya plastiki ndani ya maji, vikasukumwa na mwanga wenyewe. Mwanga unasukuma, ila kwa nguvu hafifu mno. Kilichomtia hofu Ashkin kilikuwa joto. Alijua kitu kinachonyonya mwanga kitapata moto, na nguvu inayozaliwa na joto hilo inaweza kuuzidi msukumo wa mwanga mara nyingi sana, kipimo kizima kikaharibika. Ndiyo maana alichagua vitufe vinavyopitisha mwanga, ndani ya maji yanayopitisha mwanga. Mwaka 1986 yeye na wenzake walionyesha kwamba mwale mmoja uliokusanywa vizuri unaweza kuishika chembe isitoke, kama kibano. Mwaka uliofuata akashika virusi vya batobato, ugonjwa wa majani ya tumbaku (ndugu zetu wa Tabora mnaijua batobato), kisha bakteria. Leza ya kijani iliwaua bakteria, akahamia kwenye miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho, wakabaki hai na kuzaana humohumo ndani ya mwale. Mwaka 2018 alipata Nobeli akiwa na miaka 96.

Kile Ashkin alichokikwepa ndicho wengine wamekifanya chombo. Wanachukua slaidi ya kioo wanaitandika vipande vya dhahabu vya nanomita chache (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita). Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho inanyonya mwanga wa kijani sana na kuugeuza joto. Leza dhaifu ikitua pale, linatokea doa la joto lenye upana wa maikromita chache tu (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na unywele wa mtu una kama maikromita 70. Tuseme doa limezidi maji ya jirani kwa nyuzijoto 10, na maikromita 10 pembeni maji yamepoa. Hiyo ni nyuzi 1 kwa kila maikromita. Mteremko huo ungeendelea kwa mita moja tu, ungefika nyuzi milioni moja. Uso wa jua una nyuzi kama 5,500.

Anayeijua Kigoma achukue barabara inayoshuka kutoka mtaa wa Mwanga hadi stesheni. Mpira ukiuachia pale mtaani Mwanga hauhitaji mtu wa kuusukuma, barabara yenyewe inaupeleka. Leza inatengeneza barabara ya namna hiyo ndani ya maji, ila ni mteremko wa joto. Ukihamisha doa la mwanga, barabara yote inahama nalo. Ukizima leza, kwa umbali wa maikromita 10 joto linatawanyika ndani ya muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mteremko haupo tena.

Karibuni tujadili.

#2 Kijana wa Gungu

Mwalimu haya ni madini. Nimekaa mkao wa kusoma.

#3 Kapteni wa Katonga

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mvuvi, karabai nimeishika miaka mingi kabla hatujahamia taa za sola. Nauliza kwa nia njema. Tunawasha taa usiku wa giza, dagaa wanakuja. Ina maana wanafuata joto la taa kama hizo chembe zako?

#4 Mwalimu wa Ujiji

Mzee wangu, shikamoo. Hapana, dagaa wanakuja kwa macho. Taa inavuta pia vijidudu vidogo wanavyovila, na migebuka nao wanafuata dagaa. Joto la karabai likifika majini limeshapotea, ziwa ni kubwa mno kupashwa na taa. Ushahidi unao mwenyewe: mbalamwezi ikiwa kali mnapumzika, kwa kuwa mwezi umeangaza ziwa zima na taa yako haina tena nguvu ya kuita. Lingekuwa suala la joto, mwezi usingewazuia.

Lakini umenigusa mahali. Lipo joto la mwanga linaloendesha uhai wa ziwa letu, nalo ni la jua. Tanganyika ina kina kinachofika mita 1,470. Jua linapasha maji ya juu, yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya maji baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Rutuba iko chini, mwani unaolisha vijidudu uko juu kwenye mwanga, na tabaka hizi hazichanganyiki kirahisi. Upepo wa kusi wa kuanzia Mei hadi Septemba ndio unaoyasukuma maji na kuipandisha rutuba, hasa upande wa kusini. Mwaka 2003 zilichapishwa tafiti zilizoonyesha kwamba ziwa limepata joto, mchanganyiko umepungua, na uzalishaji wa mwani umeshuka. Hilo tunalila mezani, mzee wangu.

#5 Binti Nyamwezi

Nipo Tabora, nafanya kazi maabara ya hospitali, hadubini ndiyo mwenzangu wa kila siku. Mwalimu, nina mambo mawili sikubaliani nawe haraka hivyo.

Kwanza, ukipasha maji mahali pamoja, ya moto yanapanda na ya baridi yanashuka. Chembe zitabebwa na mzunguko huo tu. Utajuaje kwamba ni themoforesisi na si maji yenyewe yanayotembea?

Pili, umesema chembe zinakimbilia baridi. Basi leza itashikaje kitu? Ukiielekeza kwenye bakteria, atakimbia. Hicho si kibano, hicho ni fimbo ya kufukuzia kuku.

#6 Mwalimu wa Ujiji

Dada, nimefurahi sana kwa maswali haya, na nimechukua siku mbili ili nisikujibu kwa mkato.

La kwanza, una haki kabisa. Ndani ya sufuria huwezi kuyatenganisha mawili hayo. Njia ni kuyanyima maji nafasi ya kuzunguka. Unabana tone kati ya vioo viwili hadi liwe na unene wa maikromita 10 au 20. Katika uwazi mwembamba hivyo mzunguko unakuwa hafifu kiasi cha kutohesabika, na mwendo wa chembe unaobaki ni wake. Stefan Duhr na Dieter Braun kule Munich walipima hivyo, wakachapisha mwaka 2006. Walikuta kwamba ndani ya maji mambo hayaendi kama kwenye hewa ya chemni. Sababu kubwa ni ngozi ya chembe: chaji za umeme zilizo juu yake, ioni (atomi zenye chaji) zinazoizunguka, na molekuli za maji zilizoishikilia. Joto likibadilika, gharama ya kuishi na ngozi hiyo inabadilika, chembe inateremkia mahali pa nafuu. Kwa hiyo chembe mbili zenye ukubwa uleule lakini ngozi tofauti zinakwenda kwa mwendo tofauti.

Hili wewe wa maabara litakufaa. Protini ikishikana na dawa, ngozi yake inabadilika, na mwendo wake kwenye joto unabadilika pia. Vimetengenezwa vifaa vinavyopima hilo: mrija mwembamba wa kioo, leza ya infraredi inayopasha maji nyuzi chache, na mwanga unaozifanya molekuli zing'ae ili zifuatiliwe zinavyoondoka pale penye joto. Ukilinganisha mwendo kabla na baada, unajua dawa imeshika au haijashika, na kwa nguvu gani. Sampuli inayohitajika ni ndogo sana.

La pili. Fimbo ya kuku inaweza kuwafikisha kuku bandani ukijua kuzunguka. Huko Leipzig, Marco Braun na Frank Cichos mwaka 2013 walifanya hivyo: leza inazungushwa kwenye duara la dhahabu, kuta zote zina joto, katikati kumepoa. Chembe kila ikigusa ukingo inarudishwa ndani.

Njia nyingine ilitoka Texas mwaka 2018. Watafiti waliongeza kwenye maji dawa ya jamii ya sabuni, yenye vifundo vya molekuli vyenye chaji chanya na ioni za kloridi zenye chaji hasi. Vifundo na ioni havihami sawa kwenye joto, hivyo chaji zinaachana, na ndani ya maji unazaliwa uga mdogo wa umeme kulizunguka doa. Chembe iliyovaa dawa hiyo inavutwa na uga huo *kuelekea* kwenye joto. Pale doa la joto ni kibano kweli, tena kwa nguvu ya leza ndogo mara 100 na zaidi kuliko kibano cha Ashkin.

Njia ya tatu naipenda kwa unyenyekevu wake. Mwaka 2023, hukohuko Texas, waliipoza sampuli nzima hadi kama nyuzi 4 kabla ya kuwasha leza. Kwenye maji baridi hivyo chembe nyingi hubadili tabia, badala ya kulikimbia joto zinalifuata. Na kwa kuwa umeanzia nyuzi 4, hata ukipandisha joto kwenye doa hufiki mahali pa kuiunguza seli. Walishika chembe nyekundu za damu.

#7 Binti Nyamwezi

Asante mwalimu, sasa nimeelewa. La seli kuungua ndilo lililokuwa rohoni. Mtu wa maabara ukimwambia "leza kwenye damu" anaona damu iliyopikwa. Hilo la kuanzia kwenye baridi lina akili.

Ila niwaambie wasomaji wengine: hata bila leza, kwenye hadubini chembe ndogo hazitulii. Zinatetemeka muda wote. Robert Brown aliliona hilo mwaka 1827 kwenye vijichembe vya chavua ndani ya maji. Kwa hiyo anayetaka kusema "chembe imehama" lazima aitazame kwa muda mrefu, au atazame nyingi kwa pamoja. Kijana akiona moja imesogea kushoto asikimbilie kuandika hitimisho.

#8 Mama Mawese

Jamani mimi si msomi, nakamua mawese huku Mwandiga na napika. Mwalimu amesema mafuta kwenye kichwa cha uzi, halafu sijayaona. Ninachokiona kila siku ni hiki: nikiweka mafuta kidogo kwenye kikaango, moto ukikolea katikati, mafuta yanakimbilia pembeni. Katikati panabaki pakavu na chakula kinashika. Nilidhani kikaango kimebonyea.

#9 Mwalimu wa Ujiji

Mama yangu, shikamoo. Nilikuwa nimeyasahau kabisa, na umeyaeleza vizuri kuliko ambavyo ningeandika.

Kikaango kinaweza kubonyea, ila hata kilichonyooka kinafanya hivyo. Uso wa kimiminika una mvutano, kama ngozi ya ngoma. Ukipata joto, mvutano unalegea. Katikati ya kikaango ngozi imelegea, pembeni imekaza, basi pembeni panavuta na mafuta ya juu yanaburutwa kwenda huko. Carlo Marangoni wa Italia alieleza kuhusu mwendo huu kwenye karne ya 19, na jina lake limebaki. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Jamhuri ya Czech, Fedorchenko na Hrubý, walikaa na kikaango na mafuta ya alizeti wakapima doa kavu hilohilo unalolisema. Ushauri wao ni wa jikoni: ongeza mafuta, punguza moto, koroga mara kwa mara, na sufuria iwe na kitako kinene.

Kwenye maabara wanatumia mvutano huohuo kwa leza. Tone la mafuta likielea ndani ya maji, ukilipasha upande mmoja, ngozi yake inaburutwa kuelekea upande wa baridi, na tone lenyewe linasukumwa kwenda kwenye joto. Mapovu nayo ni vivyo hivyo.

#10 Fundi Mkongo

Naongeza kitu kidogo. Mimi naunganisha nyaya za mkongo. Uzi wa kioo unaobeba intaneti kuja Kigoma ni mwembamba kama unywele. Njia mojawapo kubwa ya kuutengeneza ilizaliwa Bell Labs hukohuko miaka ya 1970. Gesi zinapitishwa ndani ya bomba la kioo linalopashwa kwa nje, zinageuka vumbi jeupe la kioo, na vumbi hilo linaganda kwenye ukuta wa bomba mbele kidogo, mahali palipopoa. Ni masizi ya chemni yale yale, ila meupe na safi kabisa. Nilifundishwa hatua hizo bila kuambiwa kwa nini vumbi linaganda *mbele* na si pale penye moto. Leo nimepata.

#11 Mfuga Nyuki wa Sikonge

Wakuu wa Kigoma msituache. Na asali je? Sisi tunajua asali ya baridi haimiminiki, ukiiweka juani inakimbia kama maji. Hiyo nayo inaweza kutumika kuhamisha vitu?

#12 Mwalimu wa Ujiji

Inatumika, ndugu yangu, tena ndani ya kiumbe hai. Ute ulio ndani ya seli ni mzito. Leza ya infraredi ikipitishwa haraka mara nyingi kwenye mstari mmoja, ute wa pale unapata joto kidogo, unatanuka na kuwa mwepesi kama asali yako juani, kisha unapoa. Kutanuka huko na wepesi huo vikifuatana na leza inayotembea, ute unaanza kutiririka. Kikundi cha Moritz Kreysing kule Dresden mwaka 2018 kilisukuma ute ndani ya kiinitete cha mnyoo mdogo aitwaye *C. elegans*. Walihamisha protini zinazoamua upande upi utakuwa kichwa na upi mkia, na waliweza kugeuza mpangilio wenyewe. Yai halikutobolewa. Niliposoma hilo nilifunga kitabu kwanza, nikatoka nje kutembea.

#13 Kidato cha Tatu

Shikamoo mwalimu. Ni mimi wa chemni. Shuleni hatuna leza wala slaidi za dhahabu. Kuna kitu tunaweza kukiona wenyewe?

#14 Mwalimu wa Ujiji

Marahaba mwanangu. Kipo, kile cha Tyndall. Na leza za kalamu zinazouzwa dukani msizichezee, jicho likiharibika halirudi.

Jiko lenu lina bati lenye tundu la msumari? Kama saa nne asubuhi mwale wa jua unaingia pale. Funga dirisha na mlango ili hewa itulie. Choma ubani kidogo, acha moshi ujae sawasawa hadi mwale uonekane kama fimbo nyeupe. Chukua kipande cha nondo, kipashe kwenye makaa hadi kiwe cha moto lakini kisiwe chekundu. Kishike kwa kitambaa kinene, kilaze ndani ya mwale, utazame kwa ubavu, nyuma yake kuwe na kitu cheusi. Usihemee karibu. Mama awepo. Kisha niambie umeona nini, mimi sikutajii.

#15 Kapteni wa Katonga

Mimi pia nitajaribu. Kwenye banda la nyavu matundu ya bati ni mengi.

#16 Kidato cha Tatu

Mwalimu tumefanya Jumamosi. Mara ya kwanza hatukuona kitu, mlango ulikuwa wazi na moshi unayumba. Mara ya pili tukafunga.

Kuizunguka nondo kuna mstari mweusi mwembamba sana, kama imevaa ganda. Halafu juu yake weusi unapanda, umenyooka kama utepe, unakata mwale katikati. Mdogo wangu akasema nondo inatoa moshi. Nikasogeza jicho karibu nikaona pembeni moshi wa ubani ni mweupe, pale kwenye utepe hakuna chochote. Nikamwambia ile ni hewa iliyokimbiwa.

Tukaitumbukiza nondo kwenye ndoo, tukairudisha kwenye mwale. Utepe haukuwepo. Mama akasema tuipashe tena, hakuwa ameona vizuri.